Idhini na Sahihi: Mwanamke wa Kongo katika Biashara na Teknolojia

Historia ya mwanamke wa Kongo katika biashara haianzi na kampuni changa za teknolojia zinazosifiwa leo. Kabla ya kampuni hizo kuzaliwa, akina mama wa masoko ya Lubumbashi, Bukavu na Kisangani walinunua kwa jumla, walikopeshana kwa imani na kuchangiana fedha kwa zamu katika likelemba. Ujuzi wa kupima faida na hasara walikuwa nao. Walichonyimwa ni kitu kidogo kwa umbo lakini kikubwa kwa nguvu, nacho ni sahihi inayotambuliwa na sheria.

Upungufu huo una mizizi katika enzi ya ukoloni. Katika miji ya migodi ya Katanga, shule iliwaandaa wavulana kuwa makarani na mafundi, ilhali wasichana walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Sheria ya biashara nayo ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ridhaa ya mumewe kabla ya kuwa mfanyabiashara. Matokeo yake yalionekana hata baada ya uhuru. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini Sophie Kanza, mwanamke Mkongo wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata mwaka 1964. Mwaka 1966 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini.

Ingetazamiwa kwamba taifa huru lingeifuta kanuni ile ya ridhaa. Halikufanya hivyo. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyotungwa wakati nchi ikiitwa Zaire, ilisema katika kifungu cha 448 kwamba mke hana budi kupata idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Watetezi wa kanuni hiyo walitaja umoja wa nyumba. Hata hivyo umoja huo ulimdai mmoja tu wa wanandoa aombe ruhusa, na mwingine alibaki huru kusaini apendavyo.

Ukinzani wa hali hiyo ulidhihirika Kinshasa mwaka 2013. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, mwanzilishi wa shirika la Women Technologies, alisimamisha barabarani roboti za kuongoza magari, mitambo mirefu ya alumini inayotumia nguvu ya jua. Madereva walisimama na kwenda kwa amri ya mashine iliyobuniwa na mwanamke. Wakati huohuo, kifungu cha 448 kilikuwa bado kinatumika: mhandisi mwanamke aliyeolewa, hata angekuwa hodari namna gani, alihitaji kisheria idhini ya mume ili ajifunge kwa mkataba wa kazi. Kipaji kilikwisha kuonekana hadharani. Ni sheria iliyobaki nyuma.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilitangaza usawa wa mwanamke na mwanamume katika kifungu cha 14. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilifafanua jinsi ya kuutekeleza. Hatimaye sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliirekebisha Sheria ya Familia na kuiondoa idhini ya mume. Kuanzia hapo wanandoa wote wawili wanatakiwa kupatana, na wasipopatana, aliyedhulumiwa anaweza kwenda mahakamani. Idhini ya mmoja imegeuka kuwa mapatano ya wawili. Hata hivyo mume ameendelea kuitwa mkuu wa nyumba katika sheria hiyohiyo.

Tarehe 8 Septemba 2022 serikali ilitoa sheria ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa. Vituo vinavyolea kampuni hizo vinapenda kuhesabu wanawake waliohudhuria mafunzo. Hesabu hiyo haitoshi. Historia iliyosimuliwa hapa yafundisha kwamba mwanamke hakukwama kwa kukosa mafunzo peke yake. Alikwama mbele ya karatasi. Yafaa basi vituo hivyo viulize ni nani anayesaini mkataba, ni kwa jina la nani dhamana ya mkopo imeandikwa, na ni nani anayemiliki hisa. Mtu anaweza kuitwa darasani kila juma na bado asiwe na mali wala sauti katika kampuni aliyoibuni.

Kuna jambo jingine linalowahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Sheria zote hizi ziliandikwa kwa Kifaransa. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini mama anayeuza sokoni hawezi kudai haki ambayo hajawahi kuisikia kwa lugha anayoielewa. Bila tafsiri makini, atabaki kuamini kwamba idhini ya mume ingali inadaiwa, na karani anayeidai kwa mazoea hatapingwa. Kutofautisha idhini na mapatano, ridhaa na ruhusa, dhamana na rehani, ni kazi ya wataalamu wa lugha. Kazi hiyo ikicheleweshwa, sheria ya 1987 itaendelea kutawala midomoni mwa watu, ijapokuwa imekwisha kurekebishwa vitabuni.