Ndege nne za Ziwa Tanganyika kwenye meza moja: namna ya kuunda na kupaka rangi modeli kadhaa pamoja

Jioni, mtu akisimama Kavimvira anaona ndege ikishuka pole pole kuelekea uwanja wa Bujumbura. Watoto wanasimama barabarani, wananyoosha kidole. Kesho yake ile ndege inazaliwa tena kwa kopo la sardini, waya na kipande cha sandale iliyokatika. Kwa hiyo kuunda ndege ndogo si jambo geni hapa Uvira. Kinachoelezwa humu ni ndugu wa kazi hiyo: modeli za plastiki, zile zinazokuja ndani ya boksi vipande vipande, mjenzi akazibandika kwa gundi na kuzipaka rangi mpaka zifanane na ndege ya kweli iliyopunguzwa.

Boksi lenyewe si la kupatikana kila duka. Mara nyingi linaletwa na ndugu anayerudi kutoka Ulaya, au linaagizwa kupitia mtu wa Bujumbura au Nairobi. Njo maana wengi wakipata matatu au manne kwa mara moja, wanajiuliza: nianze na lipi? Jibu la wajenzi wazoefu ni kwamba yote yanaweza kuanza pamoja, mradi kazi ipangwe.

Sababu ni muda wa kukauka. Gundi inataka saa kadhaa mbele ya kusuguliwa. Rangi ya mafuta inataka siku nzima. Mwenye modeli moja anakaa akiitazama, kisha uvumilivu unamwishia, anaishika, na alama ya kidole inabaki kwenye bawa milele. Mwenye modeli nne hana nafasi ya kuishika ile iliyo mbichi, maana nyingine inamngoja. Faida ya pili ni rangi: kikopo cha mililita 14 kikifunguliwa kwa ajili ya ndege moja, nusu yake inakauka bure.

Hatari ipo pia. Kuna wajenzi wenye ndege kumi zilizoanzwa na hakuna hata moja iliyoisha. Nne ni nyingi za kutosha kwa mtu mmoja. Mbili ni bora kwa anayeanza.

Zichaguliwe zipi? Mkusanyo wenye maana kwa watu wa hapa ni ule wa ndege zilizopita juu ya ziwa hili na milima yake. Zikiwa zote kwa kipimo kimoja cha 1/72, mtu anaweza kuzilinganisha kwa macho. Kwa kipimo hicho sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za kweli, na mtu mzima wa mita 1.75 anakuwa na urefu wa sentimita 2.4 tu.

Ya kwanza ni Short 827. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege nne za aina hii, zenye mabawa mawili yaliyopandana na mitumbwi badala ya magurudumu, ili zipigane na meli za Wajerumani kwenye Tanganyika. Zilikuja kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha zikapita kwa reli na kwa mto, mpaka pwani ya ziwa karibu na Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Kwenye kituo cha Mtoa mawimbi yalikuwa makali kwa mitumbwi ile, ndipo kazi ikahamia kwenye maji matulivu ya Tongwe. Kila mvuvi wa Uvira anayejua upepo wa mchana hahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wa 6 mwaka 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon waliruka kuvuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma, ambako meli Graf von Götzen ilikuwa bandarini. Wiki chache baadaye Wajerumani waliizamisha wenyewe meli hiyo. Iliinuliwa baada ya vita na ndiyo inayojulikana sasa kwa jina la Liemba. Behaeghe naye hakuona mwisho wa mwaka huo: alikufa kwa ugonjwa huko Niemba, mwezi wa 12.

Short 827 ya kweli ilikuwa na mabawa ya mita 16.4 na mashini ya nguvu za farasi 150. Kwa 1/72 mabawa yanakuwa karibu sentimita 23. Hii ndiyo ndege ambayo mjenzi atalazimika kuikata mwenyewe kutoka plastiki bapa, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Ya pili ni DC-3, ambayo Sabena iliitumia Kongo wakati wa ukoloni na Air Congo baadaye. Mabawa yake ya mita 29 yanakuwa sentimita 40, kwa hiyo mezani yenyewe ni mama wa nyumba. Ya nne (ya tatu itangoje kidogo) ni helikopta Mi-8, nyeupe yote, na herufi mbili nyeusi, UN. Wasomaji wengi waliikuta angani tangu walipokuwa watoto, toka MONUC ilipoanzishwa mwaka 1999 hadi MONUSCO ilipoondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Panga zake zinazunguka upana wa mita 21.3, yaani karibu sentimita 30 kwenye modeli.

Ya tatu ni T-28, nayo haiwezi kutajwa haraka haraka. Ni ndege ndogo ya Marekani iliyobuniwa kufundishia marubani, mabawa mita 12.2, sentimita 17 mezani. Lakini hapa haikuja kufundisha. Waasi wa Simba walipoteka Uvira mwezi wa 5 mwaka 1964, serikali ya Léopoldville ilisaidiwa na ndege za T-28 na B-26, na wengi wa marubani wake walikuwa Wakuba waliokimbia nchi yao na kuajiriwa na CIA. Ziliruka kutoka Albertville kupiga pwani na milima ya Fizi. Mwaka 1965, Che Guevara alipokuwa upande wa waasi huko Kibamba, wengi wa walioziendesha huko juu na Wakuba waliokuwa chini walikuwa watu wa kisiwa kimoja.

Kuna nyumba nyingi kati ya Uvira na Baraka ambamo bado yuko bibi au babu aliyejificha kwenye migomba akisikia mlio huo. Kijana akiweka T-28 safi, inayong'aa, juu ya kabati la sebuleni bila neno lolote, mzee huyo anaona nini? Wajenzi wengine wanasema ni plastiki tu. Si jibu la kutosha. Njia iliyo ya heshima ni kumuuliza mzee kwanza, tena mbele ya boksi kufunguliwa. Mara nyingi yeye atajua mambo ambayo karatasi ya maelezo haina: ilikuja saa ngapi, kutoka upande gani, iliruka chini kiasi gani. Hayo yaandikwe kwenye kikaratasi kitakachokaa chini ya ndege. Na akisema hataki kuiona nyumbani mwake, basi mkusanyo uwe wa ndege tatu.

Tukirudi kwenye plastiki. Modeli za boksi zimetengenezwa kwa polistireni, na gundi yake haibandiki kama mate ya bahasha. Inayeyusha kingo mbili ili ziungane kuwa kitu kimoja. Njo maana haifanyi kazi kwa plastiki nyingine. Anayetaka kukata mabawa ya Short 827 kutoka vitu vya nyumbani atazame chini ya chombo: kuna pembetatu yenye namba ndani. Namba 6 ni polistireni, kwa mfano vikopo vingi vya yogati, na inafaa. Bidoni ya njano ya mafuta ni namba 2: gundi haishiki, rangi nayo inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Chupa ya maji ni namba 1, nayo vile vile.

Siku ya kwanza ni ya kuosha na kupanga. Fremu zote zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa sababu kiwandani hupakwa mafuta ili zitoke kwenye kalibu, na mafuta hayo hukataa rangi. Kila ndege ipate beseni yake au kifuniko chake cha karto, chenye jina. Kosa la kuchanganya linaonekana dogo mpaka siku gurudumu la DC-3 linapotafutwa na liko ndani ya helikopta. Kipande kisikatwe kwenye fremu mpaka saa yake ifike, kwa kuwa namba yake imeandikwa pale pale kwenye fremu.

Kisha kazi inafuata hatua, si ndege. Vyumba vya marubani vya zote vipakwe siku moja, kwa sababu vikifungwa ndani havifikiwi tena. Siku inayofuata viwiliwili vyote vifungwe na kukazwa kwa lastiki. Kiwiliwili cha nne kinapokazwa, cha kwanza kimeshaanza kukauka. Mabawa yaje baada ya hapo. Kwenye viungo hubaki mfereji mwembamba. Hujazwa kijazio maalum, kisha husuguliwa kwa msasa laini uliolowa maji. Hapa wengi huchoka. Modeli moja inachosha kusugua. Nne zinaweza kumfanya mtu aache kabisa, kwa hiyo ni vizuri kusugua moja tu kila jioni na mambo mengine yakiendelea kando.

Rangi inapangwa kwa kikopo. Baada ya rangi ya msingi ya kijivu, ambayo huonyesha kila kasoro iliyosahauliwa, nyeupe inaanza: Mi-8 yote na mgongo wa DC-3, siku moja. Nyeupe ni rangi ngumu. Ikipakwa nzito inatiririka. Ipakwe nyepesi mara tatu au nne, kila mara ikauke kwanza. Siku nyingine ni ya rangi ya kitani kisichotiwa nakshi, karibu na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, kwa Short 827, kwa kuwa mabawa yake ya kweli yalikuwa kitambaa juu ya mbao. Rangi ya fedha kwa tumbo la DC-3 ifuate, sehemu nyeupe zikiwa zimefunikwa kwa skochi ya karatasi. Skochi ya kawaida ya kufungia karto ina gundi kali, itang'oa rangi. Ipunguzwe nguvu kwanza kwa kuibandika mara mbili tatu kwenye kiganja. Nyeusi ya matairi na ya panga ije mwisho, kwa zote pamoja.

Hali ya hewa ya ziwa ina neno lake. Masika, unyevu ukiwa mwingi, vernisi inaweza kukauka ikiwa na ukungu mweupe. Isipulizwe siku ya mvua. Kiangazi, kuanzia mwezi wa 6, adui ni vumbi la barabara, na dawa yake ni beseni safi lililofunikwa juu ya ndege mbichi. Umeme haufai kutegemewa, na rangi hudanganya chini ya tochi. Saa tatu za asubuhi zinashinda usiku mzima.

Gundi na dawa ya kuyeyushia rangi zina mvuke unaoumiza kichwa na unaoshika moto upesi. Kazi hii isifanywe kwenye chumba wanacholala watoto, wala karibu na mbabula yenye makaa. Dirisha likiwa wazi na kikopo kikifunikwa kila baada ya kuchovya, hatari inapungua sana. Anayepuliza rangi avae barakoa ya wapaka magari. Ile ya kitambaa inazuia vumbi, mvuke inauacha upite.

Alama na herufi huja kama stika za maji. Kabla ya kuzibandika, sehemu hiyo ipakwe vernisi inayong'aa, la sivyo hewa inabaki chini ya stika na kung'aa kama magamba ya ndagala. Baada yake vernisi isiyong'aa inafunika yote.

Short 827 inabaki na kazi moja ambayo wenzake hawana: nyaya zilizofunga bawa la juu na la chini. Hapa Uvira ina bahati kuliko miji mingi. Uzi mwembamba kabisa wa nailoni wa kutengenezea nyavu unapatikana kwa wavuvi, na kipande cha mita moja kinatosha. Unapitishwa kwenye vitundu vilivyotobolewa kwa sindano mbele ya mabawa kuunganishwa, unavutwa, unashikwa kwa tone la gundi, ncha inakatwa kwa wembe. Ukilegea, kijiti cha ubani kilichozimwa moto lakini bado chenye kaa kikikaribishwa bila kugusa, uzi unajikaza wenyewe. Mkono ukitetemeka, uzi unakatika, na kitundu kinaanzwa upya.