Programu za kuiga prosesa: Maabara ya chipu ndani ya kompyuta ya kawaida

Mtu wa Kalangalala, katikati ya mji wa Geita, hahitaji kuelezwa kwa nini mwamba hupimwa kwanza. Ukishusha duara pasipo na dhahabu, hela imekwenda. Watengenezaji wa prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote ndani ya simu na kompyuta, wana hofu hiyohiyo. Ndiyo maana kabla chipu haijapelekwa kiwandani, huundwa kwanza kama programu na kujaribiwa.

Nyingi ya programu hizi ni za bure. Kwa mwanafunzi aliye mbali na maabara za vyuo vikubwa, hapo ndipo zinapomhusu.

Ni kitu gani hasa?

Ni programu inayojifanya prosesa. Unaipa amri, nayo inazitekeleza moja baada ya nyingine huku ikikuonesha kila namba inapokwenda. Prosesa halisi hufanya mabilioni ya hatua kwa sekunde, na huwezi kuchungulia ndani yake. Ile ya kuigwa unaisimamisha, unairudisha nyuma au unaibadilisha upendavyo.

Simu yako imetokana na kazi hii

Simu nyingi zinazotumika leo zina prosesa za ARM. Muundo huo ulianzia kwenye kampuni ya Acorn, mjini Cambridge, Uingereza. Mhandisi Sophie Wilson aliiga prosesa hiyo kwa lugha ya BBC BASIC, kwenye kompyuta ndogo ya BBC Micro, kabla ya chipu yenyewe kuwepo. Chipu ya kwanza ilipowashwa Aprili 26, 1985, ilifanya kazi.

Kosa likipita bila kuonekana, gharama yake ni kubwa. Mwaka 1994 ilibainika kuwa prosesa ya Pentium ya Intel ilikuwa inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Kampuni ilitenga dola milioni 475 za Marekani kwa ajili ya tatizo hilo. Kosa kama hilo likikamatwa wakati chipu bado ni programu, linarekebishwa kwa kubadilisha mistari tu.

Zipo za aina mbili

Kuna zinazojali jibu tu. QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ni ya kundi hili. Inaendesha programu za prosesa nyingine kwenye kompyuta yako, tena kwa kasi nzuri.

Nyingine zinajali pia muda: amri imesubiri wapi, na kumbukumbu imechelewa kiasi gani. Maarufu kwa watafiti ni gem5, iliyotokana na kuunganishwa kwa miradi ya vyuo vikuu vya Michigan na Wisconsin, Marekani, na kutambulishwa mwaka 2011. Hii inakwenda polepole sana. Kazi ya sekunde moja kwenye prosesa halisi inaweza kuchukua saa nyingi ikiigwa kwa undani.

Anayeanza aanzie wapi?

Siyo gem5. Kuiandaa tu kunahitaji kompyuta yenye nguvu na uvumilivu.

MARS, ya Chuo Kikuu cha Missouri State, ina ukubwa wa megabaiti chache, hivyo haimalizi bando. Inachohitaji ni Java kwenye kompyuta. CPUlator inafunguka kwenye kivinjari, hakuna haja ya kusakinisha. Ripes, inayoiga prosesa za RISC-V, inachora prosesa kwenye skrini na kuonesha amri zikipita hatua 5: kuchukuliwa, kusomwa, kukokotolewa, kufika kwenye kumbukumbu na kuandika jibu.

Jaribio zuri ni hili. Andika amri ya kuleta namba kutoka kwenye kumbukumbu, kisha amri ya kuijumlisha namba hiyohiyo. Kwenye skrini utaona ya pili inasimama, maana namba haijafika. Sasa weka katikati yake amri nyingine isiyohusiana na namba hiyo. Kusubiri kunaisha, na muda uliokuwa unapotea umefanya kazi. Somo la usanifu wa kompyuta linalosumbua wengi ubaoni linaeleweka hapo kwa dakika chache.

Tahadhari

Programu hizi hazisemi ukweli wote. Majibu yake hutegemea ulivyozipangia, kwa mfano ukubwa wa kumbukumbu na kasi yake. Mtafiti makini hulinganisha matokeo na prosesa halisi kabla ya kutangaza. Changamoto nyingine ni lugha: maelekezo mengi yako kwa Kiingereza.

Ina faida gani huku kwetu?

Uhandisi wa kompyuta unafundishwa katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDOM na DIT. Jirani zetu wa Kenya tayari wana kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, inayoshughulika na teknolojia ya chipu.

Kiwanda kamili cha prosesa za kisasa hugharimu mabilioni ya dola. Lakini kujua prosesa inavyofikiri hakuhitaji kiwanda. Anayesubiri kwenda chuo anaweza kuanza leo na Ripes, amri tatu na kompyuta ya kuazima.