Mzigo, Posho na Njia: Usimamizi wa Miradi Katika Unyanyembe ya Karne ya 19

Anayeanza kusoma usimamizi wa miradi katika chuo chochote cha Tanzania huelezwa kwamba taaluma hii ilizaliwa Marekani. Huonyeshwa chati ya Henry Gantt, akasimuliwa mbinu za kupanga ratiba zilizobuniwa huko mnamo 1957 na 1958, kisha akaambiwa kwamba chama cha kwanza cha Wamarekani wenye taaluma hiyo kiliundwa mwaka 1969. Hayo yote ni kweli. Lakini mwanafunzi huyo akiwa amekaa Tabora, basi amekaa juu ya historia ya miradi mikubwa iliyopangwa, ikagharimiwa, ikatekelezwa na kufungwa zaidi ya miaka 100 kabla ya chama hicho, na haelezwi.

Mradi, kwa tafsiri ya darasani, ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Una lengo linaloeleweka, una muda na fedha zilizokadiriwa, na una watu wanaokusanywa kwa ajili yake kisha wakatawanyika ukiisha. Msafara wa biashara wa Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, ulikuwa hivyo hasa. Uliundwa, ukapewa viongozi, ukasafiri miezi kadhaa, ukafikisha mali, ukavunjwa. Msimu uliofuata uliundwa mwingine, kwa watu wengine na mapatano mengine.

Njia yenyewe ilifunguliwa na Wanyamwezi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Waarabu na Waswahili waliofuata walikuta njia imeshakanyagwa, vituo vinajulikana na visima vina majina. Walipoweka makazi yao Kazeh, mahali palipokuja kuitwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1850, walikuwa ndani ya himaya ya Unyanyembe chini ya mtemi Fundikira. Kutoka hapo barabara moja ilikwenda magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mashariki kulikuwa na Tura, pori la Mgunda Mkali, Ugogo, Mpwapwa, na mwisho wake Bagamoyo.

Fedha zilitoka Unguja. Wafanyabiashara wa Kihindi waliwakopesha wenye misafara bidhaa, nao walilipa kwa pembe baada ya kurejea. Taria Topan ndiye aliyemdhamini Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora na alioa katika ukoo wa Fundikira. Ukitaka kujua maana ya wadau wa mradi, anza na hao: mkopeshaji wa Unguja, mwenye msafara, mtemi wa Unyanyembe, watemi wa Ugogo, na wapagazi.

Jinsi gharama zilivyokadiriwa ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote. Januari 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unguja akiwa ametumwa na gazeti lake kumtafuta msafiri David Livingstone, ila hakujua anunue nini wala kiasi gani. Vitabu vya Wazungu waliomtangulia havikumsaidia. Aliyemsaidia ni mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Sheikh Hashid, mtu wa misafara. Hesabu aliyompa ilikuwa nyepesi na kamili: watu 100 hula doti 10 za nguo kwa siku, na doti moja ni yadi 4. Kwa mwaka ni doti 3,650. Kisha akazigawa: doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi, kwa kuwa nguo iliyopendwa Unyamwezi siyo iliyopokewa Ugogo. Shanga zilihitajika kwa manunuzi madogo, na nyaya kwa nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Tazama kilichomo ndani ya hesabu hiyo. Kuna idadi ya watu, kuna kiwango cha matumizi kwa siku, kuna muda, na kuna ujuzi wa soko la kila kituo. Wakadiriaji wa leo hukifanya kitu hichohicho katika majedwali ya kompyuta. Kisha ikaja hesabu ya uzito. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70 hivi au kilo 32. Vitu vya Stanley vilikuwa na ratili kama 11,000, kwa hiyo walihitajika wapagazi karibu 160. Aliugawa msafara wake makundi matano, yakaondoka Bagamoyo kwa zamu kuanzia Februari 1871, ili wapagazi wapatikane kidogo kidogo na mali isikae mahali pamoja.

Mpango mzuri unahitaji watu wanaojua kazi yao, na hapa ndipo historia yetu imepotoshwa zaidi. Wengi hudhani kila aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa mtumwa. Sivyo. Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliopatana ujira, wakajivunia kazi hiyo; kijana asiyewahi kufika pwani alionekana bado hajakomaa. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, aliyeijua njia. Mwenye kumtangulia alitozwa faini, na mshale ulichomolewa katika podo lake uwe ushahidi. Kirangozi ndiye aliyeinua bendera nyekundu ya Unguja, ngoma ikafuata, halafu wenye pembe, wenye nguo na shanga, na wale wa mzegazega waliobeba wawili wawili kwa mti. Wanyapara waliwasimamia watu na askari walilinda. Wanawake walikuwamo, wakibeba vyombo na kupika. Jioni kirangozi alisimama kambini akatangaza kwa sauti safari ya kesho itakavyokuwa, kila mtu akasikia. Miradi mingi ya leo inakwama kwa kukosa tangazo kama hilo.

Ratiba iliongozwa na mvua. Mnyamwezi aliondoka kiangazi na alitaka kuwa nyumbani wakati wa kulima. Aliyemchelewesha pwani alijitafutia hasara, kwani mpagazi alihesabu shamba lake kabla ya mali ya tajiri. Ndani ya siku moja pia muda ulipimwa: waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kali. Mgunda Mkali ulidai utaratibu wake. Maji yalikuwa mbali mno kwa mwendo wa asubuhi moja, hivyo walipika na kula mapema, wakajaza vibuyu, wakatembea alasiri hadi usiku, wakalala bila maji, na kesho yake wakayafikia. Huko ndiko kuterekeza. Ugogo nako palikuwa na hongo, ushuru wa njia uliolipwa kwa kila mtemi. Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana kuhusu hongo. Nadhani hawakutazama vizuri: katika nchi kame yenye visima vichache, mwenye kisima na nafaka alistahili malipo, na Wanyamwezi wenyewe waliyaweka katika hesabu zao tangu mwanzo.

Kiini cha yote kilikuwa posho. Kwa desturi kila mtu alistahili kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kukinunulia. Yaliyompata msafiri Mwingereza John Hanning Speke yanaeleza zaidi ya kitabu chochote cha darasani. Aliondoka pwani mwaka 1860 na James Augustus Grant, njia nzima ikiwa imeshikwa na njaa. Alipofika Kazeh Januari 1861 wapagazi wake karibu 100 wa Kinyamwezi walikuwa wamemtoroka, nyumbu wake wote 12 wamekufa, na zaidi ya nusu ya mali yake imepotea. Aliandika kama mtu aliyeibiwa. Lakini mpagazi mwenye ratili 70 begani, asiye na chakula katikati ya Mgunda Mkali, alikuwa na njia gani nyingine? Mkataba ulivunjika siku posho ilipokosekana. Hili ni jambo la kwanza ambalo kila msimamizi wa mradi angepaswa kulijua, na ndilo linalosahaulika kwanza bajeti inapobana.

Tabora ilikuwa mahali pa kufunga awamu moja na kufungua nyingine. Richard Burton na Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, na mara wapagazi wao wakatua mizigo na kwenda makwao. Mkataba wao ulikuwa hadi Unyanyembe, nao walikuwa wamefika. Burton alilazimika kutafuta wengine wa kumpeleka Ujiji, na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa hapo, alimsaidia kwa nyumba, habari na watu. Kila msafara ulipumzika Tabora, ukahesabu mali iliyobaki, ukauliza habari za vita na njaa mbele, ukaamua uendelee, usubiri au ubadili njia. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Tembe alilokaa leo ni makumbusho.

Na vihatarishi vilikuwapo. Stanley alipofika Unyanyembe Juni 1871 alikuta Waarabu wa Tabora wakijiandaa kupigana na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa ameziba njia ya Ujiji. Stanley akajiunga na vita hiyo, nayo haikumhusu. Waarabu walishindwa, na Agosti Mirambo aliivamia Tabora yenyewe akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa vinara wao. Hapo ndipo Stanley alipokumbuka lengo la safari yake. Akazunguka kusini kupitia Ukonongo hadi Uvinza na Ujiji, njia ndefu zaidi lakini iliyopitika. Wiki alizopoteza vitani ni gharama ya kuacha upeo wa mradi na kuingia katika ugomvi wa wengine. Kwa upande wa Mirambo, hakuwa kikwazo tu barabarani. Naye alikuwa mdau, alitaka sehemu ya ushuru wa biashara iliyopita mlangoni pake, na walioidharau hoja yake walilipa kwa damu.

Ningetakiwa kuchagua msafara mmoja wa kufundishia, nisingechagua wa Stanley wala wa Burton. Ningechagua ule ulioongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Hapakuwa na Mzungu wala mwajiri wa kuwaamuru. Waliamua wenyewe kuupeleka mwili pwani. Waliuzika moyo wake pale, wakakausha mwili kwa chumvi na jua kwa wiki mbili, wakaufunga katika nguo na gome la mti. Jacob Wainwright, mmoja wao, aliorodhesha vitu vya marehemu kimoja kimoja ili pasiwepo atakayesema vimeibwa. Oktoba walifika Kwihara wakamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa Mwingereza, aliyewashauri wamzike hapo hapo Unyanyembe. Wakakataa. Walipoendelea mbele, mashariki ya Tabora, waliambiwa kwamba maiti haitapita. Wakajifanya wanairudisha Unyanyembe ikazikwe, kumbe wameifunga upya kama robota la nguo, wakapita. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London.

Lengo lilikuwa moja na halikubadilika. Kumbukumbu ziliwekwa, kihatarishi kilipotokea kilitatuliwa kwa akili badala ya bunduki, na mzigo ulifika. Sijui mradi wa karne ile katika nchi hizi uliosimamiwa vizuri kuliko huo, na waliousimamia walikuwa Waafrika waliokuwa wakiitwa watumishi.

Hata hivyo ufanisi peke yake hausafishi kazi. Katika njia hiihii walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakauzwa pwani, na pembe zilizobebwa kwa ustadi mkubwa zilimaliza ndovu wa nchi baada ya nchi. Msafara wa mfanyabiashara wa watumwa ungeweza kufika kwa wakati, ndani ya bajeti na kwa faida, na ukabaki kuwa dhuluma. Vigezo vya muda na gharama havikuulizi lengo ni halali au la. Swali hilo lazima liulizwe na binadamu kabla ya siku ya kwanza ya safari.

Wajerumani walipoingia walikumbana na mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewapinga hadi kufa ndani ya ngome yake Januari 1893. Reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya upagazi wa masafa marefu katika njia hii ikaisha. Leo reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora kuja Tabora, ikipita nchi ileile ya Mgunda Mkali, na maswali ya wajenzi wake ni yaleyale: maji yako wapi, nani analipwa nini, ardhi ni ya nani, awamu ipi inaishia wapi.

Tangu mwaka 2006 njia ya kati ya pembe na watumwa imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, Kwihara ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Nawaomba wenzangu wanaofundisha usimamizi wa miradi Tabora na kwingineko wawapeleke wanafunzi wao Kwihara, wawape hesabu ya Sheikh Hashid waikokotoe kwa mkono, wawasimulie Susi na Chuma, na baada ya hapo ndipo wafungue ukurasa wa Gantt.