Simiyu katikati ya nyufa za kale

Anayesafiri kutoka Bariadi kwenda Lamadi hupita kwenye mashamba ya pamba yaliyolala tambarare, na hapa na pale huona majabali ya itale yakichomoza juu ya udongo mweusi. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Ni sehemu ya kipande kinene na kigumu cha ardhi ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania, kilichobeba Usukuma yote na kuendelea hadi Dodoma.

Misukosuko ilitokea kwenye kingo zake. Miaka bilioni 2 iliyopita, sakafu ya bahari ambayo leo haipo tena ilikuwa ikizama chini ya ukingo wa bara, kama inavyozama sasa pwani ya Japani na Sumatra. Ushahidi ulichapishwa mwaka 1995 na Andreas Möller na wenzake, waliochunguza kilima cha Yalumba katika miamba ya Usagara, kwenye ukingo mmojawapo wa kratoni. Jiwe lenyewe ni eklogaiti: zito, la kijani, limejaa punje nyekundu za ganeti. Huanza likiwa basalti, na haligeuki hivyo mpaka lishuke makumi ya kilomita. La Yalumba lilifika takriban kilomita 60, kisha likarudishwa juu.

Sakafu ya bahari haizami kwa utulivu. Hukwama kwa miaka mingi kwenye ufa unaoitenga na bara, na inapoachia, ardhi hutetemeka. Hakuna awezaye kwenda kuutazama ufa huo ukiwa kazini, ndiyo maana ule uliokufa na kufunuliwa na mmomonyoko una thamani kubwa. Katika kisiwa cha Kodiak, Alaska, na huko Mugi, Japani, nyufa za namna hiyo ziko wazi ufukweni. Tope la bahari limesagwa na kuvutwa hadi likawa matabaka, vipande vigumu vya mchangamawe na basalti vikiwa vimenaswa ndani yake. Halafu, ndani ya ukanda huo mpana, unakuta mishipa myeusi, myembamba: mwamba ulioyeyuka kwa msuguano katika sekunde chache za tetemeko, ukaganda papo hapo. Inastaajabisha kwamba nguvu iwezayo kuinua tsunami huacha alama nyembamba kiasi hicho. Lakini kwenye kina cha Yalumba joto lilipita nyuzi 700, na mwamba huko hupindika na kuvutika zaidi kuliko kuvunjika.

Upande wa Ziwa Tanganyika mambo yalijirudia. Mwaka 2012 Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walionyesha kwamba Ubende ina eklogaiti za karibu miaka bilioni 1.9, na Ufipa nyingine za chini ya miaka milioni 600.

Kanda hizo za kale kwenye kingo za kratoni zilibaki dhaifu. Bonde la Ufa lilipoanza kufunguka, tawi la magharibi liliifuata Ubende hadi Rukwa, ambako Desemba 13, 1910 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.4. Tawi la mashariki lilishuka kutoka Kenya, likagota kwenye kratoni, likatawanyika kuelekea Eyasi, Manyara na Pangani. Ziwa Eyasi linapakana na Meatu, na ukuta wake wa kaskazini-magharibi umekatwa katika miamba hiyohiyo ya kale. Natamani wanafunzi wa jiografia wa Simiyu wapelekwe wakauone.

Bariadi imekaa kati ya matawi hayo mawili, mbali na nyufa kubwa. Lakini umbali huo si kinga kamili: ng'ambo ya Ziwa Victoria, Septemba 10, 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba mkoani Kagera.