Kijitabu Kilichomezwa na Wimbo: Kumsoma Upya Rudolph wa 1939

Rudolph, kulungu wa nchi za baridi mwenye pua nyekundu, hujulikana na wengi kupitia wimbo wa Krismasi. Aghalabu hata mhakiki wa fasihi ya watoto husahau kwamba wimbo huo, uliotungwa na Johnny Marks na kuvumishwa na Gene Autry mnamo 1949, ulitanguliwa kwa miaka kumi na kijitabu cha hadithi ya kishairi. Makala haya yanakirejelea kijitabu hicho kwa sababu moja. Rudolph hulaumiwa kwamba anamfundisha mtoto kuwa aliye tofauti hukubaliwa pale tu anapowafaa wenzake. Lawama hiyo, tunavyoona, ni ya wimbo kuliko ya kitabu.

Mtunzi alikuwa Robert L. May, mwandishi wa matangazo wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, Chicago. Michoro ni ya Denver Gillen. Kampuni ilikitaka kijitabu ili kuwagawia bure watoto wa wateja, na Krismasi ya 1939 zilitolewa nakala zipatazo milioni 2.4. May alipewa hakimiliki mwaka 1947 tu. Kitu kinachotolewa bure dukani ni nadra kuhifadhiwa maktabani, na kisichohifadhiwa hakisomeshwi. (Yamkini nasi tumepoteza mengi kwa njia iyo hiyo.)

Kiumbo, May alifuata nyayo za shairi la 1823 linalonasibishwa na Clement Clarke Moore, lile lililowapa majina kulungu wanane wa Baba Krismasi. Mizani yetu ya kuhesabu silabi haitoshi kuupima utungo wa aina hiyo, kwani mwendo wake umo katika mkazo: silabi mbili nyepesi, kisha moja nzito, mara nne katika mshororo. Hapo May hana jipya.

Upya wake umo katika msuko. Katika kijitabu, Rudolph si mmoja wa kundi la Baba Krismasi. Anaishi kwao na wazazi wake, anachekwa na wenzake, na usiku ule amelala akisubiri zawadi kama mtoto mwingine yeyote. Baba Krismasi, aliyekwisha kutaabishwa na ukungu, anaingia chumbani na kukuta mwanga. Anayeomba msaada ni mkubwa. Anayeombwa ni mtoto aliyeamshwa usingizini. Wimbo, katika kukifupisha kisa, uliondoa chumba, kitanda na wazazi, ukabakiza dhihaka na shangwe. Hata hivyo tusimtakase May. Katika kijitabu pia, sifa za wenzake Rudolph huja baada ya ushindi, wala si kabla yake.

Mkewe May alifariki kwa saratani Julai 1939, kazi ikiendelea. Mwajiri alikuwa tayari kumpa mwingine jukumu hilo, May akakataa. Ni rahisi kuigeuza pua ile kuwa taa ya mgane gizani. Sisi tunasita, kwa kuwa kisa kilianzwa mapema mwaka huo, kabla ya msiba. Lakini aliyekuwa akisomewa beti hizo nyumbani ni bintiye wa miaka minne. Yamkini ndiyo maana Rudolph, kabla ya kuondoka, anawaachia wazazi wake barua fupi, wasije wakaamka na kukuta kitanda kitupu.