Mtihani wa Wakala wa Forodha Mpakani

Mwaka 1902 Uingereza iliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hata hivyo Busia na Malaba, miji ya mpaka huo mpya, hazikuhitaji mawakala wengi wa forodha, maana tangu 1917 nchi hizo mbili zilikuwa na ushuru mmoja. Mambo yalibadilika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977.

Kazi ya wakala ikanoga. Ilifunzwa kama useremala: kijana alibeba mafaili ya bosi wake, akapanga foleni dirishani, akajua mwenyewe karatasi gani inagongwa muhuri kwanza. Cheti hakuna.

Sheria mpya ya forodha ya Afrika Mashariki ilianza kutumika 2005, na kuanzia 2007 mamlaka za mapato na vyama vya mawakala vikaleta kozi ya pamoja yenye mtihani na cheti. Mwanafunzi hujifunza kuipa kila bidhaa namba yake. Mitumba ni 6309, mchele ni 1006. Ukikosea tarakimu, ushuru nao umekosea. Heri mtihani kuliko kubahatisha na mzigo wa mtu.

Kejeli ni kwamba cheti kilikuja kazi ikianza kuhama. Mwaka 2014 ushuru wa mizigo ya Uganda ipitiayo Mombasa ulianza kulipwa kabla haijaondoka bandarini. Februari 2018 Marais Kenyatta na Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha Busia, ambako lori hukaguliwa mara moja tu, upande linakoingia.

Leseni ya wakala bado inaisha kila Desemba 31.