Mpotezee: Kitufe Kinachotafuta Jina

Mtu akitukanwa mtandaoni, ushauri wa kwanza anaopewa na wenzake wa Dar es Salaam huwa wa neno moja: mpotezee. Usimjibu, usimnukuu, fanya kama hakusema. Programu nyingi za mazungumzo zina kitufe cha kazi hiyo, na Kiingereza hukiita ignore. Ukikibonyeza, maandishi ya uliyemchagua hayatokei tena kwenye skrini yako. Mwenyewe haambiwi. Anaendelea kuandika, wengine wanaendelea kumsoma. Wewe tu ndiye hujui kasema nini.

Yote hayo hutendeka upande wa msomaji. Anayesema haguswi hata kidogo. Istilahi yoyote ya kitendo hiki ipimwe kwa jambo hilo, na ndipo tafsiri tatu zinazozoeleka zinaponitia shaka.

Ya kwanza ni kuzuia. Hilo ni jina la kitendo kingine, kile ambacho vijana hukiita kupiga bloku. Aliyekula bloku kwenye WhatsApp hubaki na tiki moja kwenye kila ujumbe anaotuma, simu zake haziingii, na asipokuwa mzito wa kuelewa atagundua tu. Aliyefichwa kwa kitufe chetu hana dalili yoyote ya kumshtua. Vitendo vyote viwili vikiitwa kuzuia, mtu aliyetaka tu kupumzisha macho ataogopa kubonyeza akidhani anatangaza ugomvi.

Ya pili ni kunyamazisha. Kwa arifa na milio ya simu sina neno nalo: kundi la WhatsApp likizidi kelele unalinyamazisha kwa saa 8, kwa wiki moja au moja kwa moja, na ujumbe wote utaukuta humo siku ukifungua. Ila kumnyamazisha mtu ni kumfunga mdomo, na uwezo huo anao msimamizi wa kundi au mwenye mtambo, si mimi msomaji. Kinachotoka kwao huitwa bani, na mara nyingi hutolewa mbele ya kadamnasi.

Ya tatu, kupuuza, ndiyo inayopendwa na kamusi. Hii ina dharau ndani yake. Anayepuuzwa amehesabiwa kuwa si kitu. Lakini mtu anaweza kuficha maandishi ya shemeji yake miezi ya kampeni za uchaguzi kwa sababu anampenda na hataki wafike kutukanana. Huko ni kumpuuza? Hasha.

Ndiyo maana naona neno la mtaani limeyashinda yote. Kupotezea halimdharau mtu wala halidai kumzuia. Tena linakubali yambwa ya mtu na ya jambo kwa wepesi uleule: mpotezee jirani, ipotezee hoja. Programu zinahitaji yote mawili, maana hazifichi watu peke yao. Mwaka 2016 Twitter iliongeza uwezo wa kuficha arifa zenye neno fulani, liwe limeandikwa na yeyote. Kutendwa kwake nako kunakaa vizuri kwenye menyu: orodha ya waliopotezewa. Wasanifu watasema ni lugha ya vijiweni, na kwamba kupotezea lina maana ya zamani ya kumsababishia mtu hasara ya kitu. Mimi naona maana hizo mbili zinasaidiana. Mkorofi anakupotezea muda, nawe unampotezea.

Kitendo chenyewe kina umri mkubwa kuliko wavuti. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Duke na North Carolina huko Marekani, ulijaa watu wa kila hulka, na hakukuwa na mlinzi mmoja wa kuwatoa wakorofi. Mwaka 1984 Larry Wall, yule aliyekuja kuunda lugha ya kompyuta ya Perl, alitoa programu ya kusomea Usenet iliyoitwa rn. Ndani yake mliwekwa faili lililoitwa, kwa ukatili usio na sababu, faili la kuua: unaandika humo usiyotaka kuyaona, programu inayaruka. Waandishi walioshindikana nao wakaanza kuingizwa. Watu wa Usenet walikuwa na kiigizi cha tukio hilo, plonk, mlio wa mtu anayedondoka ndani ya faili. Sisi tungesema chubwi! IRC, iliyoanzishwa na Jarkko Oikarinen mjini Oulu, Finland, mwaka 1988, nayo ikazoeleka kwa amri ya aina hiyo kwenye programu za watumiaji wake.

Mlio ule ulikuwa na kasoro moja kubwa: uliandikwa hadharani, mhusika ausome. Kumtangazia mtu kwamba humsomi tena ni kumjibu, na mkorofi hula majibu. Mchezo huohuo unaendelea leo kwa wanaoandika kwenye kurasa zao kwamba fulani wamempiga bloku. Aliyepotezea kweli hana la kutangaza.

Kitufe nacho kinavuja. Ukimficha mkorofi halafu rafiki yako akamnukuu ili ambishie, matusi yanakurudia kwa mlango wa rafiki. Kwenye makundi ya WhatsApp hali ni ngumu zaidi, kwa sababu huwezi kumficha mwanachama mmoja huku ukiwasoma wengine. Hata ukimpiga bloku, ujumbe wake ndani ya kundi mlilomo wote utaendelea kuuona. Sasa fikiria kundi la ukoo, au kamati ya harusi ambayo mweka hazina wake ndiye mwenye mdomo mchafu. Tangu 2022 unaweza kutoka kimyakimya, wasimamizi pekee wakapata taarifa. Lakini baba mdogo atapiga simu kuuliza umekasirikia nini. Hapo kupotezea inabidi kufanywe kwa moyo na kidole: unapitisha ujumbe wake bila kuusoma, na swali lake la kichokozi unaliacha lielee. Kumbe neno linafanya kazi hata pale ambapo waunda programu hawajatuwekea kitufe.

Lakini istilahi nzuri inapaswa pia kujua mipaka yake, na mpaka wa hii ni vitisho. Ufedhuli hupotezewa. Anayesema atakuja nyumbani kwako, anayesambaza picha zako za faragha, anayekuandama kutoka akaunti moja hadi nyingine, huyo ukimficha umejifumba macho tu, naye bado yupo. Sheria zinamtambua: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni, na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 27. Zote mbili zinahitaji ushahidi. Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe chochote, piga picha ya skrini inayoonyesha jina, namba na tarehe, usifute mazungumzo, mwonyeshe mtu unayemwamini, kisha nenda polisi.